Ua si Uwanja wa Mpira

Nimeisoma kwa taadhima makala ya mwandishi aliyedai kwamba nyua zetu za Mirongo, madhali hutota masika na kutimka vumbi kiangazi, hazina budi kutandikwa nyasi bandia, na hoja yake kubwa ni Uwanja wa Nyamagana, uliotandikwa nyasi hizo. Uwanja ule siutii ila, kwani huweza kuchezewa mchana kutwa, mzigo ambao nyasi za asili zisingeuhimili. Walakini ua wa nyumba una haja nyingine. Plastiki ya nyasi bandia, jua la adhuhuri likiishukia, hupata moto wa kuunguza unyayo wa mtoto, maana haina maji ya kuvukiza ipate kujipoza. Nayo ikichakaa humeguka chembechembe, ambazo mvua, kwa mteremko wa vilima vyetu vya mawe, itazikokota hadi Mto Mirongo, na mto huo, kama ajuavyo kila mkazi, huishia Ziwa Victoria, tunakovua sato na kuteka maji ya kunywa. Umoja wa Ulaya, mwaka 2023, ulipitisha kanuni ya kuzikataza punje za plastiki zinazotiwa katika viwanja vya nyasi bandia, ukatoa muhula wa miaka 8. Namsihi mwandishi, pamoja na wenye nyumba aliokwisha kuwashawishi, wapande ukoka.