Binti anataka kusomea watoto wadogo



Kila mwaka matokeo ya Egzame ya Serikali yanapotoka, ulizo moja linaturudilia. Binti amepata diploma, anataka kusomea elimu ya watoto wadogo universite, na nyumbani wanacheka: miaka 3 ya lisansi, pengine 2 ya mastere juu yake, ili kufundisha watoto kuimba? Pesa tunaitafuta sokoni franka kwa franka. Ulizo ni la haki.

Sheria ya shule ya 2014 imeweka materneli miaka 3. Lakini masomo ya bure yaliyoanza 2019 ni ya shule ya msingi. Materneli bado tunalipa sisi, basi tuangalie mwalimu wake amejua nini.

Tuchukue jambo moja tu: kusomea nje. Huko London, mtaa wa Deptford, Margaret McMillan alifungua mwaka 1914 shule ya watoto wadogo ndani ya bustani, kwa sababu watoto wa maskini walikuwa wanaugua ndani ya nyumba za giza. Huyo ni mmoja wa wale wanaofundishwa universite. Na ni kweli: mtoto anayepanga kokwa za maembe kumi kumi chini ya mti anashika hesabu kuliko yule anayekariri ubaoni.

Lakini hapa Likasi udongo una mambo yake. Mwaka 2009 watafiti wa Universite ya Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitoa utafiti juu ya watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Walikuta kobalti nyingi sana ndani ya mkojo wao, na watoto walizidi wakubwa. Sisi wamama tunajua mikono ya mtoto inapita wapi: chini, kisha mdomoni.

Je, tuwafungie ndani? Hapana, vumbi linaingia mpaka chini ya kitanda. Mwalimu aliyesoma vizuri anachagua mahali: penye majani, mbali na mabaki ya kiwanda na barabara ya malori ya madini. Wakati wa kipwa anamwagia maji kabla ya kufagia. Chakula hakiliwi chini, na ndoo ya maji na sabuni inatangulia. Kitabu cha Ulaya hakitamwambia habari ya Shituru. Lazima afundishwe kufikiri mwenyewe. Kuimba ni sehemu ndogo kabisa.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa inskripsio, mama uende na binti mpaka sekretaria. Uliza staji inaanza mwaka gani, na kama wanafunzi wanakaa kweli na watoto ao wanaandika tu manoti. Wakijibu kwa kuzungukazunguka, shika kwanza pesa yako, muulizie pengine.