Mtoto Si Mbuzi wa Mnada

Wadau wa Arua na Koboko, tuongee ukweli. Mashindano yakiisha tu, iwe Rhino Camp, Imvepi ama Lobule, anaweza kutokea mtu mwenye maneno matamu anayemtaka yule kijana wa namba tisa. Eti shule ipo, ada analipa yeye, apewe mtoto tu. Mama anamshukuru Mungu, kocha anapewa "kitu kidogo", na sisi tunapiga makofi. Mimi nasema tuache makofi. Hiyo ni biashara, na bidhaa ni mtoto.

Msidhani huu ni ugonjwa wa maskini peke yao. Mwaka 2000 kule Memphis, Marekani, kijana wa sekondari aitwaye Albert Means alikuwa hodari kwenye mpira wao ule wa kushika kwa mikono. Sheria ya wakati huo ilisema mchezaji wa chuo halipwi, anapewa masomo. Basi kocha wake, Lynn Lang, akamfanyia mnada. Baadaye Lang mwenyewe aliieleza mahakama kwamba alipokea dola 150,000 kutoka kwa Logan Young, tajiri shabiki wa Chuo Kikuu cha Alabama. Mwaka 2005 Young alikutwa na hatia. Na Means? Hakushtakiwa, lakini alihama chuo, akamalizia Chuo Kikuu cha Memphis, na ligi ya NFL hakuifikia. Hata mtihani wa kuingia chuo alifanyiwa na mtu mwingine. Wakubwa walikula hela, yeye akabaki na jina lililochafuka.

Tangu 2025 vyuo vya Marekani vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja. Kumbe swali si pesa. Swali ni inaingia mfuko wa nani.

Najua mtaniambia: "Mtoto wa mkimbizi kapata shule bure, unalia nini?" Bure gani hiyo, ndugu yangu? Analipa kwa goti lake. Goti likivunjika muhula wa pili, ada inakatika, na nauli ya kurudi kambini hana. Kama hakuna karatasi, atamdai nani?

Halafu kuna jambo la miaka. Mtu anampunguzia kijana umri, anambadilishia na jina, ili acheze na wadogo. Kwa mwenyeji ni kosa. Kwa mkimbizi ni hatari mara mbili, maana jina na tarehe yako ya kuzaliwa ziko kwenye faili la OPM na UNHCR. Siku cheti cha UNEB kitakaposema kingine, nani atakuamini? Dalali atakuwa ameshazima simu.

Sheria ipo. FIFA inakataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishwa kwenda nchi nyingine, ila kwa sababu chache zilizotajwa, na wakala lazima awe na leseni. Kwa hiyo akija mtu na habari za Ulaya, muulize leseni kabla hujamwekea chai. Akikudai hela ya "viza" kwanza, mfungulie mlango atoke.

Na ninyi wa mashirika, msijifiche nyuma ya jezi na bendera za amani. Mnaleta mipira, asante. Lakini uwanja wenu ndio soko lenyewe. Mwekeni afisa wa ulinzi wa watoto pale pale uwanjani. Shule ikimtaka mtoto, iandike: inalipa nini, kwa miaka mingapi, na akiumia itakuwaje. Mzazi asomewe kwa lugha yake, Kikakwa, Kilugbara, Kiarabu cha Juba ama Kiswahili, abaki na nakala.

Makocha wetu, tunawaheshimu, mnajitolea bila mshahara. Daini posho kwa mashirika, tutasimama nanyi. Lakini mkiipata kwa kumuuza mtoto wa jirani, msituite tena familia.