Picha Takatifu Zina Mgongo

Wapo katika parokia zetu za Bunia Wakristo wanaokusanya picha takatifu za zamani, zile karatasi ndogo tulizopewa utotoni siku ya Komunyo ya kwanza, au tulipoijua katekismu kwa moyo. Sipingi upendo wao. Picha ya Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, yenye ukingo uliotobolewa kama lesi, ni kitu kizuri, na wachapaji wa Turnhout kule Ubelgiji waliijua kazi yao. Ninachopinga ni gundi.

Maana wanazibandika! Wanapaka gundi mgongoni mwa picha, wanaikandamiza juu ya ukurasa wa albamu, uso juu, safu kwa safu, kisha wanawaonyesha wageni. Na mgongoni kulikuwa na nini? Jina la mtoto, siku, mwaka, jina la parokia, pengine jina la msimamizi, yote kwa wino na kwa mkono wa padri au wa katekista.

Wengine hujibu kwamba hata Ulaya ndivyo wafanyavyo. Ni kweli, watoto wa huko walikuwa na picha za biashara. Kampuni ya Liebig, iliyouza rojo la nyama, iliwagawia wanunuzi wake picha za rangi tangu miaka ya 1870 hadi 1975, na watu walibadilishana mpaka watimize fungu, mara nyingi la picha sita. Lakini maneno ya mgongoni mwa picha hizo yalichapwa kiwandani, ni yale yale kwa kila mtu. Ukiharibu moja, utatafuta nyingine kama hiyo. Picha iliyoandikwa jina la mama yako, utaitafuta duka gani?

Tusisahau tunaishi wapi. Vita vya Ituri vya 1999 hadi 2003 viliteketeza nyumba na karatasi zilizokuwamo. Tangu mwisho wa 2017 watu wa Djugu walikimbia tena, wengi wakiwa na nguo za mwilini tu. Leo mtu anakuja kutaka ndoa ya Kanisa. Anaulizwa cheti cha ubatizo. Hana, na kitabu cha parokia yake hakipatikani. Afanye nini?

Sisemi kwamba picha ya Komunyo ni cheti. Siyo. Lakini inaonyesha mlango wa kubisha hodi: parokia ipi, mwaka upi, msimamizi nani. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 876, inakubali neno la shahidi mmoja asiye na shaka kuthibitisha ubatizo, ikiwa hakuna anayedhuriwa. Basi, jina la shahidi likiwa chini ya gundi, nani atamwita?

Linalonishangaza zaidi ni kwamba hao hao ni wasomaji hodari wa upande wa mbele. Watakuambia kwamba picha inayowaita Mashahidi wa Uganda “Wenye Heri” ina maneno ya kabla ya 18 Oktoba 1964, siku Papa Paulo VI alipowatangaza Watakatifu. Vizuri sana. Jicho hilo linashindwaje kugeuza karatasi?

“Nimeinunua, ni mali yangu.” Karatasi, ndiyo. (Ile yenye kipande cha nguo ya mtakatifu, hapana: masalio matakatifu hayauzwi, kanuni ya 1190.) Lakini mama mzee aliyekuuzia ili apate chumvi hakukuuzia habari za ubatizo wa ukoo wake.

Kusanyeni, ndugu. Shikeni picha kwa pembe za karatasi, bila gundi. Mkipiga picha kwa simu, pigeni pande mbili. Na kabla ya kuifungia sandukuni, nakilini maneno ya mgongoni, mkampelekee katibu wa parokia iliyotajwa. Daftari analo, na kazi yenyewe haimalizi dakika tano.