Walzi: Kuzunguka Mkiwa Mmeshikana

Msimu wa harusi ukikaribia, maharusi watarajiwa wanarudi na swali lilelile: "Mhariri, tufungue muziki kwa walzi?" Fungueni. Ila kwanza mjue mnacheza nini.

Neno lenyewe ni la Kijerumani, kutoka kitenzi walzen, yaani kuviringika, kuzunguka. Na ndivyo ilivyo: wawili wanajizungusha huku wakiuzunguka ukumbi. Ilianzia kwa watu wa vijijini huko Austria na kusini mwa Ujerumani, ikaingia kumbi za Vienna mwishoni mwa karne ya 18. Wakubwa walikuwa wamezoea minueti, mnashikana vidole tu, heshima kwa mbali. Sasa hii ikaja na mkono kiunoni, uso kwa uso, na mwenza mmoja mwanzo mpaka mwisho! Kasheshe ikaanza. London, mwaka 1816, walzi ilipochezwa kwenye dhifa ya mwanamfalme, gazeti la The Times lilikuja juu kwamba dansi hiyo ya kigeni haina adabu, wazazi wawe macho na mabinti zao. Hata Byron, mshairi ambaye mwenyewe hakuwa mtakatifu hata kidogo, alishachapisha shairi la kuikejeli mwaka 1813. Kilichowatisha si miguu. Ni wawili kutazamana hivyo mbele za watu, kama vile ukumbi mzima hauwahusu.

Turudi kwenye harusi yako. Walzi inahesabiwa tatu: MOJA-mbili-tatu, ya kwanza ndiyo nzito. Nyimbo nyingi za mapenzi tunazopigiwa ukumbini, Bongo Fleva zikiwemo, zina mapigo manne. Mkilazimisha hapo mtakanyagana tu. Muoneni DJ mapema awatafutie wimbo wa mapigo matatu. Kasi nayo muhimu: walzi ya Vienna inakimbia, hizo moja-mbili-tatu zinafika kama 60 kwa dakika. Ile ya taratibu, ya Waingereza, ni kama nusu yake. Dada yangu mwenye gauni la mkia mrefu, chukua ya taratibu.

Na nani anaongoza? Kwa kawaida mwanaume. Lakini katika kuzunguka, mmoja anakwenda mbele na mwenzie anarudi kinyumenyume bila kuona anakoelekea, kisha mnabadilishana. Kama bado mmenuniana kwa sababu ya michango na kamati, siku ya kwanza ya mazoezi mwalimu atajua ndani ya dakika mbili.