Birika la Wageni

Napinga desturi ya kununua birika la moka la vikombe 6 kwa ajili ya wageni, ilhali wanywaji nyumbani ni wawili tu. Chombo hiki, kilichobuniwa Italia mwaka 1933, hakitaki nusu: chujio lisipojaa, maji hupenya upesi na kahawa huwa chapwa. Mgeni huja mara mojamoja. Sisi twanywa kila asubuhi. Kwa nini tujipunje?

Ndugu msomaji, nunua dogo. Maji yasifunike vali, kahawa usiishindilie, moto uwe wa taratibu. Likianza kukoroma, liepue. Wageni wakizidi, pika tena. Kumkirimu mgeni ni wajibu. Kujidhulumu kila siku kwa ajili yake si ukarimu, ni kujionyesha.