Mzee hakununua gari, alinunua fundi

Haya jamani, leo tuache kidogo mambo ya kompyuta tuongee magari. (Mtaona mbele kwamba hatujaziacha.)

Msimamo wangu ni huu: wazazi wetu hawakuchagua magari kwa sababu ya urembo wala mbio. Walichagua kama mtu anayechagua lugha ya kuandikia mfumo wa benki. Nani mwingine hapa anaitumia? Spea ziko wapi? Na likinifia Salgaa saa nne usiku, atakuja nani?

Kwetu Nakuru, mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mzee alikuwa na Peugeot 504 ya mgongo mrefu, ile yenye safu tatu za viti, rangi ya maziwa yaliyokaa. Muulize hadi leo kwa nini aliichukua. Atakuambia ni Safari Rally: 504 ilishinda mwaka 1975 na Ove Andersson, ikashinda tena 1978 na Jean-Pierre Nicolas. Anawataja kana kwamba walikuwa majirani zetu. Msimwamini! Gari la Nicolas lilikuwa la milango miwili na injini ya V6, na lile la kwetu lilikuwa likihema kupanda Mbaruk. Sababu ya kweli ni kwamba Peugeot hizo ziliunganishwa hapahapa Kenya, tena ndizo zilizobeba abiria wa masafa marefu, Nairobi hadi Nakuru hadi Kisumu. Kwa hiyo kila mji wa barabara ile ulikuwa na fundi aliyeijua injini hiyo kama anavyojua mlango wa nyumba yake. Isitoshe, injini ya lita 2 ya 504 ilitumika pia kwenye 505 iliyofuata, na fundi aliyeizoea moja hakubabaishwa na nyingine. Sisi waandishi wa programu tungependa sana kusifiwa kwa jambo kama hilo, ila hatulifanyi.

Vyombo vya uchunguzi vilikuwa bisibisi, spana na sikio. Asubuhi ya baridi Mzee anavuta choki, anasikiliza, anafungua distribyuta, anapitisha msasa mahali panapokata umeme, gari linaamka. Hakuna siri.

Lakini nisiwatie chumvi machoni. Watoto tulijazwa nyuma kabisa bila mkanda hata mmoja, na petroli yenye risasi iliuzwa Kenya hadi karibu mwanzo wa 2006. Moshi ule tuliuvuta. Anayesema magari ya zamani yalikuwa bora kwa kila kitu hajawahi kukaa safu ya tatu.

Mwaka huohuo wa 2006 Mama alichoka. Alitoa daftari, akaandika petroli ya mwezi mmoja, akamwekea Mzee mezani bila neno. Wiki chache baadaye tukawa na Corolla, ile mnayoiita 110, mtumba kutoka Japani. Redio yake ilikuwa mchezo wetu. Redio za Japani zilitengenezwa kwa masafa ya FM ya 76 hadi 90, na huku vituo vingi viko juu ya 90, mpaka 108. Dawa ilikuwa kijisanduku kinachoshusha masafa: kituo kinatangaza namba moja, wewe unakisaka kwenye namba nyingine ya chini. Tulikariri ile hesabu ya kutoa kabla sijajua kwamba kazi kama hiyo ningekuja kulipwa kwayo.

Mwaka 2009 taa ya injini ikawaka. Fundi wetu, bingwa wa 504, akabadilisha plagi. Taa ikabaki. Akabadilisha vichungi, kisha koili. Taa ikabaki, pesa zikaenda. Hatimaye mtu mmoja mjini akachomeka mashine chini ya usukani, na kwa dakika kumi akasema ni kihisi cha oksijeni kwenye ekzosi. Mzee alinyamaza, halafu akasema, “Kumbe gari lina ofisi yake ya siri.”

Sijasikia mtu akiieleza programu iliyofungwa vizuri kuliko hivyo. Lakini angalia kilichofuata. Mashine hizo zilishuka bei, na leo fundi wa juakali anasoma makosa ya injini kwenye simu yake kwa Bluetooth. 110 ikawa na mafundi kila kona, kama 504 enzi zake. Mama alikuwa amechagua kwa kanuni ileile ya Mzee, tena kwa hesabu nzuri zaidi.

Kwa nini nayasema haya sasa? Mama anastaafu mwezi wa Desemba, na ndugu yangu anataka sehemu ya kiinua mgongo chake inunue Nissan Leaf ya mtumba. Sina ugomvi na umeme. Sehemu kubwa ya umeme wetu ni jotoardhi ya Olkaria, kaunti yetu wenyewe. Ninachouliza ni nani anaingia katika ofisi ya siri. Muuzaji ametuma picha ya dashibodi yenye vijistari 12 vya afya ya betri. Vijistari ni hesabu iliyoandikwa na programu, na programu hudanganyika. Nafuu ya Leaf ni kwamba watu wa nje waliifumbua, na programu ya simu iitwayo LeafSpy inasoma hali ya kila seli. Kuna magari mengi mapya ambayo hayakupi hata hilo.

Mwaka 2012 wapiga kura wa Massachusetts, Marekani, walipitisha sheria ya kuwalazimisha watengenezaji kuwapa mafundi wa nje taarifa za matengenezo. Sisi, kwa magari ya mitumba, tunahesabu umri usizidi miaka 8 na kuangalia kama usukani uko kulia. Ningependa tuulize pia kama fundi wa Gikomba au wa Kisumu ataruhusiwa kusoma kilichomo ndani. Gari lisilosomeka nisingemnunulia mama yangu hata kwa nusu bei.

Jumamosi tunakwenda kuliona. Mimi nitabeba kisomaji na simu. Mzee anasisitiza kuja na yule fundi wake wa 504. Na Mama, mwenye pesa, amesema hasaini chochote mpaka mimi na huyo fundi tukubaliane.