Kiwango cha Redioni Hakinunui Mzigo Arusha

Wateja wetu wengi wenye maduka na vibanda Nyeri, Karatina na Nanyuki wanatuuliza swali moja: shilingi yetu ikiwa na nguvu Tanzania, si ndio wakati wa kwenda kuleta mzigo? Jibu letu ni kwamba inategemea hesabu, na hesabu ambayo wengi wanapiga ni nusu tu.

Kwanza, kiwango hakikai pahali pamoja. Mwanzoni mwa 2024, dola ya Marekani ilifika karibu shilingi 160 za Kenya, na shilingi yetu moja ilipata chini ya 16 za Tanzania. Kufikia Agosti mwaka huo huo dola ilikuwa imeshuka hadi 129 hivi, na shilingi yetu ikapata zaidi ya 20. Laki moja ambayo Januari haikufika milioni 1.6 za Tanzania sasa ilipita milioni mbili. Ni kweli, hapo Arusha ilionekana bei ya kutupa. Lakini kufikia Desemba kiwango kilikuwa kimerudi chini ya 20. Aliyepanga mzigo wa Krismasi kwa kiwango cha Agosti alikuwa amepanga na hewa.

Pili, kiwango unachosikia redioni ni cha katikati. Hakuna mtu atakuuzia pesa kwa bei hiyo. Benki, duka la kubadilisha fedha, broka wa Namanga, na hata sisi wa simu, kila mmoja ana bei yake ya kununua na ya kuuza, na faida yake iko katikati hapo. Tunasema hivi wazi kwa sababu mteja anayejua tunakopata pesa anatuamini zaidi kuliko anayedhani tunafanya bure.

Hebu tupige hesabu ya mfano. Tuseme mama wa nguo Nyeri ana mtaji wa 100,000. Redio inasema 20, kwa hivyo kichwani ana milioni mbili za Tanzania. Kitenge Arusha ni 15,000, yaani 750 zetu. Nyumbani anakiuza 950. Faida 200, vitenge 133, jumla 26,600. Safari imejilipa, si ndiyo?

Sasa tufanye ile nusu iliyobaki. Mpakani amepewa 19, si 20. Pesa yake ni milioni 1.9, na vitenge ni 126. Kila kimoja kimemgharimu 789. Nauli, chakula, kulala na kubeba mzigo, tuseme 7,500, ni karibu 60 kwa kila kitenge. Faida ya 200 imebaki 101. Jumla ni kama 12,700, chini ya nusu ya ile aliyokuwa nayo kichwani, na hakuna aliyemwibia. Pia hajaweka siku alizofunga duka.

Tatu, kuna ushuru, na hapa ndipo wengi huchomeka. Bidhaa iliyotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki haitozwi ushuru wa forodha ukiwa na cheti cha kuonyesha ilikotoka. Kwa mzigo mdogo usiozidi dola 2,000, kuna cheti rahisi kinachotolewa pale pale mpakani kwa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. Lakini kitenge kilichotoka China na kupitia Arusha hakijawa cha Tanzania kwa kulala huko usiku mmoja. Tangu Julai 2022 kuna daraja la ushuru la asilimia 35 kwa bidhaa kutoka nje ya Jumuiya, na nguo zimo. Hata tukihesabu asilimia 35 tu, kwa kitenge cha 789 ni zaidi ya 270. Ile 101 imeisha na deni limeanza, hata kabla ya VAT. Kwa hivyo uliza bidhaa imetengenezwa wapi kabla ya kuuliza bei.

Msimamo wetu ni huu: bei ya kushindana nayo ni ya Eastleigh na Kamukunji, si ya Arusha. Duka la jirani yako Nyeri linaleta mzigo kutoka Nairobi kwa matatu, anaenda asubuhi na kurudi jioni. Kama mzigo wa Arusha, baada ya kiwango halisi, nauli na ushuru, haumshindi huyo jirani kwa tofauti ya maana, basi nguvu ya shilingi haikusaidii kitu. Inakutembeza tu.

Ukiona hesabu inakubali, nenda, lakini nenda hivi:

Usiulize "kiwango ni ngapi?" Uliza "nikitoa elfu moja ya Kenya, napata ngapi mkononi, makato yote yakiwa yametoka?" Swali hilo moja linalinganisha broka, benki na simu kwa mizani moja. Kwenye simu, soma kiasi atakachopokea mwenye duka kabla ya kuweka PIN.

Badilisha pesa ya mzigo peke yake. Ile inayobaki ukiirudisha kwa shilingi za Kenya unakatwa mara ya pili. Na usitegemee kulipa kwa dola, kwa sababu tangu Machi 2025 kanuni za Tanzania zinakataza bidhaa za ndani kulipwa kwa fedha za kigeni.

Nendeni kama chama. Wafanyabiashara watano wakimtuma mmoja, nauli ni moja na maduka manne yamebaki wazi. Lakini andikeni kila mtu ametoa ngapi na kiwango kilikuwa ngapi siku ile, ili ugomvi usije baadaye.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hivyo kabla ya safari andika mistari minne: kiwango cha mkononi, gharama ya safari, ushuru, na bei ya Nairobi. Kama faida bado inaonekana chini ya mistari hiyo, tukutane Namanga. Kama haionekani, umeokoa mtaji wako ukiwa umekaa hapo dukani.